Jina lipo pale chini, kwenye kona

Jumamosi nilitoka zamu ya usiku, na badala ya kwenda kulala nikapanda basi la mjini, huku Uingereza. Pauni 3 kwenda, pauni 3 kurudi, msianze kupiga hesabu za daladala mtaumia bure. Nilikuwa nimeona tangazo kituoni: picha kutoka Afrika Mashariki, makumbusho ya mji, hakuna kiingilio. Nikasubiri nje kwenye baridi mpaka saa nne walipofungua.

Ukuta wa tatu nikamkuta chui. Madoa mwili mzima, macho makubwa meupe, nyuma yake bluu inayoanza nzito juu na kufifia kuelekea chini. Tingatinga, ule mtindo wetu wa uchoraji. Harufu ya rangi ile ya mafuta niliijua kabla sijajua kusoma. Baba yangu mdogo alikuwa anachora pale Morogoro Stores, Oysterbay, na kila likizo alikuwa anakuja kunichukua kwetu Mwananyamala. Kazi yangu ilikuwa kupaka rangi ya chini kwenye vibao na kuvianika juani. Jioni, nikiwa sijaharibu kitu, ananipa brashi nyembamba nimtie madoa kanga mmoja, yule ndege. "Doa moja moja, usiharakishe." Mikono tunaisafisha kwa mafuta ya taa, nikifika nyumbani mama ananigombeza kwa harufu.

Halafu nikasoma kibandiko. "Msanii hajulikani. Tanzania, miaka ya 1990."

Hajulikani vipi? Jina lipo pale chini, kona ya kulia, kwa rangi nyeusi. Na mzee mwenyewe namjua kwa sura, alikuwa anakaa jirani na baba mdogo, wanaazimana makopo ya rangi. (Sitamtaja hapa, wanawe wapo.) Mwenye mtindo wenyewe, Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli kwenye vipande vya bodi za ujenzi, na mwaka 1972 polisi wakampiga risasi wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu! Ndugu zake na wanafunzi wake ndio waliolibeba jina lake hadi wakawa na ushirika wao mwaka 1990. Watu hao wanatia saini kila kibao, halafu mtu anaandika hawajulikani bila hata kuinama kutazama.

Nikamfuata mama mhudumu nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, maana kwa miaka sita huku nimezoea kulalamika nikatabasamiwa, basi. Huyu akavaa miwani, akainama, akasoma herufi kwa herufi. Akaniletea kiti na karatasi, akasema niandikie. Akauliza rangi gani, bodi gani, nani alikuwa anapaka ile bluu. Nikamweleza mpaka mafuta ya taa. Kazini watu huniuliza vidonge na shuka tu. Nusu saa nzima mtu akanisikiliza habari za Morogoro Stores, nikatoka pale macho yamelowa.

Mnaoniuliza kila wiki habari za viza ya kutunza wazee: mlango wa kuajiriwa kutoka nje ulifungwa Julai 2025. Anayekwambia lete milioni kadhaa akupe kibali, anakuibia. Unayekuja kwa masomo, beba picha. Chagua ya kitambaa, inakunjwa kama mkeka. Kibao kitakula kilo zako za mzigo. Kuta za vyumba vya kupanga ni nyeupe tupu na Januari ya huku haiishi.

Jana nimerudi. Kibandiko ni kile kile, ila juu ya "hajulikani" wamebandika karatasi yenye jina kamili kwa mwandiko wa kalamu, bila kosa hata la herufi moja. Nikapiga picha nikamtumia baba mdogo. Usiku akanirudishia ujumbe wa sauti. Kwanza kimya kirefu, kuku wanasikika nyuma, kisha akasema: "Hiyo bluu nilimwazima mimi."