Cheni sita hazitoshi

Kwenye Fuso ya ndizi inayotoka Moshi, utingo akishakaza kamba juu ya turubai, safari inaanza. Ndani ya C-130, ndege ya mizigo ya kijeshi, kukaza hakutoshi. Kinachoshika mzigo ni pembe ya cheni.

Chukua gari la kilo 4,000. Kanuni ya Wamarekani, wenye ndege yao, inataka lizuiliwe kwenda mbele kwa nguvu mara 3 ya uzito wake, nyuma na kila ubavu mara 1.5, juu mara 2. Mbele peke yake ni kilo 12,000. Cheni ya aina ya MB-1 inahimili kama kilo 4,500, kwa hiyo mtu anapiga hesabu ya haraka: tatu. Wapi! Cheni inakwenda mshazari. Ikiwa nyuzi 30 kutoka sakafuni na 30 kutoka mstari wa katikati ya ndege, inabaki robo tatu ya nguvu yake, kama 3,400. Basi ni nne, zikivuta kuelekea mkiani. Ukizifunga kwa nyuzi 45 na 45 inabaki nusu tu, na utahitaji sita.

Nyuma kunatosha mbili. Jumla sita, na wengi huishia hapo. Sasa pima ubavu: kwa pembe za 30, kila cheni inashika kama 1,950, na tatu za upande mmoja hazifiki 6,000 zinazotakiwa (mara 1.5 ya uzito). Ongeza jozi. Siku zote jozi, la sivyo gari linavutwa upande.

Usichanganye mkanda wa nailoni na cheni katika mwelekeo mmoja. Nailoni inanyumbuka, cheni hainyumbuki, hivyo cheni inabeba mzigo wote kabla mkanda haujaanza kazi. Na cheni nzuri kwenye pete dhaifu ya sakafu ina nguvu ya ile pete.

Mizigo ya kudondoshwa kwa parachuti ni habari nyingine. Furushi la aina ya A-22, lisilozidi kilo 1,000 hivi, hukaa juu ya ubao wa plaiwudi wenye tabaka za karatasi za vitundu kama sega la nyuki, zinazopondeka zifikapo chini. Zikilowa kabla ya safari hazifai tena. Rubani huinua pua kama nyuzi 7, mkanda wa lango unaoyazuia mafurushi unakatwa, nayo yanateleza yenyewe juu ya rola, na kamba iliyofungwa kwenye waya wa ndege inafungua parachuti. Kamba hiyo ikaguliwe mwisho kabisa, isipite chini ya wavu wa mzigo.