Shela au Shella? Kubalianeni kabla hamjaanza

Jamani mnaoandika nasaba zenu kwa kompyuta, hili la majina ya mahali msilichukulie poa. Mimi na binamu zangu tunajaza ukoo mmoja kwenye Gramps, programu ya kuandika nasaba, na kila mtu anaandika anavyojua, huyu Shela, yule Shella, mwingine kaweka Lamu tu basi, ukitafuta nani kazaliwa wapi programu inakuletea vijiji viwili kumbe ni kimoja, na mabibi zetu wametawanywa huku na huku!

Sasa tumekubaliana kila mahali paingizwe mara moja tu, kidogo ndani ya kikubwa: Mkomani, Lamu, Kaunti ya Lamu, Kenya. Amu inakaa hapo hapo kama jina la pili la mji, na Faza vivyo hivyo, maana wengine wanaiita Rasini.

Kasheshe ni miaka. Kaunti zimeanza 2013, kabla yake Lamu ilikuwa wilaya ndani ya Mkoa wa Pwani, na kabla ya Desemba 1963 huku pwani palihesabiwa milki ya Sultani wa Zanzibar inayoendeshwa na Mwingereza, sasa babu aliyezaliwa 1931 utamwandikia kaunti gani? Nashukuru Gramps inakubali uweke tarehe kwenye kila ngazi, Mkomani inabaki Mkomani, serikali ndo zinapishana juu yake.

Shangazi yeye kasema babake kazaliwa "nyuma ya msikiti, kwa kina bibi". Tumeiweka kwenye maelezo neno kwa neno, msikiti gani bado wanabishana.