Kikombe cha Dola Nne Bukavu

Juu ya boti iliyotutoa Goma sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba nauli ilikuwa imepanda tena na kiti nilichopewa kilikuwa karibu na injini, hata nikashuka Bukavu masikio yakivuma. Vikao vya arusi iliyonipeleka huko navyo havikuwa na jipya: wali, sambaza (dagaa wa ziwani) na hotuba ndefu. Kilichonishangaza kilitokea katika hoteli moja inayotazama Ziwa Kivu, ambako tulikwenda, mimi na rafiki zangu, kunywa kahawa baada ya kikao.

Mhudumu alituletea vikombe vya maji ya moto, kijiko kimoja cha kupokezana, na mkebe wa kahawa ya unga kutoka ng'ambo, ukingo wa kifuniko chake ukiwa umeshika kutu. Kila kikombe dola 4. Katika ziwa hilohilo, kisiwani Idjwi, baba yangu ana shamba la mibuni.

Mmoja wetu, mwalimu asiyejua kumeza hasira, aliipiga picha bili pamoja na mkebe, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya arusi ili watu waone jinsi tunavyoibiwa. Hakuona kwamba kando ya bili ilikuwa imelala simu yangu, na kwamba ujumbe ulikuwa umeingia dakika ileile: umepokea dola 640, na salio lote chini yake, kwa herufi zinazosomeka hata na asiye na miwani. Zilikuwa fedha za mabati ya nyumba ya baba, alizotuma mdogo wangu aliyeko Italia.

Hakuna aliyejali bei ya kahawa. "Yaya, kumbe uko na feza hizi zote na umetoa ishirini tu!" aliandika wa kwanza, yaya kwetu ni dada, na kundi zima likacheka. Katibu, ambaye asubuhi alikuwa amenishukuru kwa mchango wangu, aliniomba niufikirie upya. Shangazi wa bwana arusi hakuandika kitu. Alinipigia simu, akawaulizia watoto wangu mmoja mmoja kwa majina, na kwetu anayeanza hivyo hajapiga simu kusalimia. Mwalimu aliifuta picha huku akicheka kwa aibu, lakini ilikuwa imekwisha kuhamia makundi mengine.

Jioni mdogo wangu alipiga simu kuuliza kama fedha zimefika, ingawa picha alikuwa ameshaiona. Nilimwuliza kahawa huko ni bei gani. Alisema anayekunywa amesimama kaunta hulipa euro moja na senti kidogo, na anayeketi mezani hulipa zaidi, kwa sababu kiti nacho kina bei. Nilikasirika, kisha nikapiga hesabu. Bei ya arabika, aina ya kahawa, hufuata soko la New York, na katikati ya mwaka 2023, tulipokuwa Bukavu, ratili moja ya gramu 454 haikufika dola 2. Kikombe kimoja huhitaji takriban gramu 12 za buni mbichi, yaani buni ya bei isiyofika senti 6. Hata bei ilipopita dola 4 mwanzoni mwa 2025, buni ya kikombe haikuzidi senti 12. Kinachobaki ni kodi ya nyumba, mshahara, umeme, sukari na ushuru. Ujerumani peke yake hutoza euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Hoteli yetu huwasha jenereta umeme unapokatika, na mkebe wake umesafiri kuliko mimi, ukilipiwa kila mpaka.

Hayo nayakubali kwa kichwa. Moyoni nilikuwa namkumbuka baba, ambaye msimu mmoja aliuza kahawa ingali maua, kwa sababu mnunuzi alijua kwamba watoto tumefukuzwa shuleni kwa ajili ya minervali, yaani karo. Hakuhitaji kubishana, aliujua mfuko wa baba, akataja bei, baba akaitika. Wengine kisiwani walipakia magunia katika mitumbwi usiku na kuvuka hadi Rwanda, wakikimbia utitiri wa kodi za upande wetu wa Kongo na kufuata malipo bora, na si wote waliofika. New York haimjui baba, lakini mnunuzi wa kijijini alimjua mno, na sasa kamati ya arusi ilikuwa imenijua mimi vilevile.

Niliongeza dola 30, nikanuna. Bili ya hoteli nilimwachia mwalimu, naye alilipa bila neno, kisha akaniomba nauli ya pikipiki ya kurudia kwake.

Boti ya kurudi ilichelewa na kiti kilikuwa kilekile. Bandarini Goma nilimkuta shemeji yangu, ambaye tangu niolewe hajawahi kuja kunipokea, amevaa shati la kanisani, akininyoshea mkono kunipokea begi.