Babu yako mbunge wa wapi?

Juzi binti wa dada angu, yuko form two, kaniletea daftari la Kiingereza uso umemvimba. Waliambiwa watunge sentensi na neno honourable, yeye akaandika "My grandfather is a honourable man", mwalimu akazungushia ile "a" kalamu nyekundu, afu darasa zima likacheka, eti babu yako mbunge wa wapi? Akaniuliza, mjomba kwani nimekosea?

Kwenye "a" kweli alikosea, ile h haitamkwi, mdomo unaanza na o moja kwa moja, so ni "an honourable man", kama vile an hour. Ila kile kicheko ndo kimeniuma, maana mtoto alilielewa neno vizuri kuliko waliomcheka.

Sisi tumelizoea kwa kifupi chake, Hon., limebandikwa mbele ya jina la waziri kwenye kadi ya mwaliko. Hata bunge la Uingereza wabunge hawaitani majina, wanasema the honourable member for, kisha jina la jimbo, na wa chama chako ni my honourable friend. Hapo ni adabu ya ukumbini tu, inakuja na kiti. Lakini lile -able la mwishoni limebeba kustahili, yaani mtu ambaye matendo yake yanastahili heshima hata kama hakuna anayemwamkia. Mheshimiwa yetu ni ya kutendewa, anaheshimiwa na watu basi, kama anastahili au hastahili neno halisemi. Mimi naona lililo karibu zaidi ni mstahiki, na sijui kwanini tumewaachia mameya peke yao.

Afu Waingereza wana to do the honourable thing, mara nyingi wakimaanisha kuachia ngazi kwa kosa lililotokea chini yako. Mzee Mwinyi alifanya hivyo miaka ya 70, akajiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya mauaji ya Shinyanga, watuhumiwa walifia mikononi mwa polisi, na yeye mkono wake haukuwepo. Hiyo ndo honourable yenyewe.

Sasa baba yangu mimi ni fundi baiskeli. Kuna siku kijana wake alisahau kukaza nati za gurudumu la mbele, muuza maziwa akafika kwenye kona gurudumu likachomoka, akaanguka, lita 20 zote chini. Baba akafunga kibanda, akaenda mpaka kwa yule mtu na hela ya maziwa mkononi, akasema gurudumu nimelifunga vibaya mimi. Jina la kijana hakulitaja, mpaka leo yule muuza maziwa hajui.

Nikamsimulia mtoto, hakuwahi kuisikia. Akafuta "a", akaandika "an", chini yake akaanza sentensi nyingine ya maziwa, akaniuliza nati kwa Kiingereza inaitwaje.