Hiyo 400 Umeitoa Wapi?

Kama umewahi kuniletea tasnifu hapa Tudor, Mombasa, niipige chapa na kuijalidi, wajua nina tabia moja: nasoma. Silipishi kusoma, na mara nyingi hakuna aliyeniomba. Lakini kurasa zikinipita mikononi mchana kutwa, macho hayajizuii, na yakifika sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, ndipo naanza kuguna.

Sura ya tatu ndiyo inayonakiliwa kuliko zote. Ya kwanza mtu angalau hukuna kichwa, ya pili hutafuta waandishi. Ya tatu huombwa kwa aliyemaliza mwaka jana, likabadilishwa jina la mtaa, basi. Ndiyo maana Yamane haishi kutajwa. Huyu ni mwanatakwimu ambaye kitabu chake cha 1967 kina fomula fupi ya kukadiria ukubwa wa sampuli, yaani wale wachache utakaowahoji kwa niaba ya wote. Unachukua idadi ya watu unaowalenga, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo hiyo mara mraba wa kiwango cha kosa. Watu 400, kosa la asilimia 5, yaani 0.05, mraba wake 0.0025: 400 mara 0.0025 ni 1, jumlisha moja ni 2; unagawa 400 kwa 2, sampuli 200. Inatoka safi, haina hata desimali. Nashuku ndiyo sababu 400 inapendwa hivi.

Juzi kijana mmoja kaja na kazi ya waendesha bodaboda wa Likoni. Idadi lengwa: 400. Nikamwuliza, "Hiyo 400 umeitoa wapi?" Akacheka. "Dadangu, si lazima iwe na namba?"

Lazima, ndiyo, lakini namba ina kwao. Fomula ile inachukulia kwamba watu wako wanahesabika, na kila mmoja ana nafasi sawa ya kuchaguliwa. Kuchagua kwa nasibu kunahitaji orodha: majina, nambari za usajili, chochote cha kuchotea. Sasa pale kivukoni, abiria wakishuka feri, kuna mwenye stendi yake na kuna aliyeingia leo asubuhi na pikipiki ya shemejiye. Nani ana orodha yao? Huenda chama cha stendi moja kina daftari. Nenda kaliombe, useme wazi kwamba utafiti wako ni wa stendi hiyo. Majina yakiwa 60, fomula itakupa 52. Sasa hao wanane unawaacha kwa nini? Waulize wote 60. Hiyo ni sensa, na ni halali kabisa.

Daftari lisipokuwepo, andika ulichofanya. Ulisimama upande wa Likoni tangu saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, ukamwuliza kila aliyekubali kusimama. Hiyo ni sampuli ya urahisi. Ina kasoro zake: wa alfajiri umewakosa, mwenye haraka hakukujibu, na matokeo yako hayawezi kuwasemea bodaboda wa Mombasa nzima. Kasoro hizo unaziandika papo hapo. Wapo wasimamizi wasiotaka kusikia ila fomula, nawajua. Waeleze kwamba orodha haipo, uone watakujibu nini.

Hojaji nayo ina vituko vyake. Vile vijisanduku vitano, kutoka "nakubali kabisa" hadi "nakataa kabisa", asili yake ni mwanasaikolojia Likert, mwaka 1932. Nilimsindikiza mpwa wangu Kongowea akiwahoji wauza nyanya. Akamsomea mama mmoja: "Mikopo ya simu imeboresha biashara yangu na maisha ya familia yangu." Mama yule alikuwa akichambua nyanya, zilizolainika huku, ngumu huku. Hakuinua hata kichwa. "Biashara ndiyo. Familia la, wanakuja kunidai hadi mlangoni. Sasa wataka nitie alama wapi, mwanangu?"

Mpwa wangu akabaki na kalamu hewani. Swali lilibeba mambo mawili, na kisanduku ni kimoja. Akalipasua yakawa maswali mawili usiku ule ule. Ndiyo faida ya kujaribu hojaji kwa watu wachache kabla ya kuchapisha nakala zote (hata kama nakala hizo ndizo riziki yangu).

Jambo la mwisho, kwa sababu naliona kila msimu wa kuhitimu. Pendekezo la utafiti huandikwa kwa wakati ujao: mtafiti atatembelea, atagawa, atachanganua. Ukirudi kutoka uwanjani yote hayo yamekwisha, lakini naletewa kazi ya kutiwa jalada gumu na maandishi ya dhahabu, na ndani mtafiti bado "atatembelea" soko. Itafute kila "ata-" uibadilishe, na kila unapobadilisha jiulize kama kweli ulifanya. Ukiwa uligawa hojaji 200 zikarudi 140, sura ya nne inaanza na hiyo asilimia 70. Na ukija kujalidi, njoo na zile 140 kwenye mfuko. Nitakuomba nizione.