Wavu Nilioutoa kwa Mkono Wangu

Jana jioni, mvua za masika zikinukia kwa mbali, nilikuwa nimechuchumaa juu ya tuta la bwawa langu la samaki nikifunga wavu wa pili kwenye bomba la kupunguzia maji, huku binti yangu akinimulikia tochi. Alivumilia kidogo, kisha akauliza, "Kwani baba, samaki wakitoka si wanakwenda zao mtoni, nyumbani kwao?" Nilimwambia anyooshe tochi vizuri, nikaendelea kukaza waya. Swali lake sikulijibu, kwa sababu jibu lake linaanzia kwenye bwawa la mjomba, mwishoni mwa mwaka 1997, wakati wa zile mvua za El Nino.

Mjomba alikuwa amesafiri, akaniachia agizo moja tu: kila jioni niondoe majani kwenye wavu. Bomba lilikuwa jembamba na wavu wake ulikuwa na matundu madogo, hata ncha ya kidole haikupenya, kwa hiyo jani moja kavu la mgomba lilitosha kuziba nusu yake. Usiku ule nilitoa majani mara tatu, na kila nilipogeuka maji kutoka mlimani yalileta mengine. Maji yalipobakiza vidole viwili kufika ukingoni, na upande wa nje wa tuta ukaanza kutoka jasho, nilielewa kwamba tuta likikatika hatutabakiwa hata na kifaranga kimoja. Nikachukua panga, nikakata kamba, nikaung'oa wavu.

Bomba lilikohoa, kisha likafunguka. Muda si mrefu nikasikia kutoka mtaroni sauti kama ya mtu anayepiga makofi kwenye tope. Nikashuka na kurunzi. Sato wa mjomba walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wengine wakiteleza kwa ubavu juu ya majani yaliyolala, macho yao yaking'aa kila mwanga ulipowapitia, na wote, bila hata mmoja kukosea njia, walielekea bondeni. Nilijirusha nikamkamata mmoja, jike mnene, nikambana kifuani kwa mikono miwili. Akafunua kinywa. Nikahisi kitu kama punje za mtama kikipita katikati ya vidole vyangu, nikainamisha kurunzi, na hapo nikaona watoto wake, kila mmoja jicho jeusi na kamkia, wakimwagika kutoka kinywani mwa mama yao na kudondokea kwenye maji yaendayo kasi. Sato hulea watoto kinywani, na akishtuliwa huwatema. Nilijua hayo kwa kusikia. Usiku ule niliyajua kwa viganja. Nilisimama pale na samaki mmoja mkononi, baada ya kuwapeleka kijitoni wengine ambao mpaka leo sijui idadi yao.

Mjomba aliporudi alikuta tuta limesimama, akaniita mwanamume mbele ya watu. Siku ya kuvua, samaki walipopungua, lawama aliwatupia kenge na ndege. Sikumsahihisha.

Kijito kile humwaga maji yake Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu huishia baharini karibu na Bagamoyo. Humo mna wenyewe: perege wa asili, jamaa za sato, waliokuwamo kabla ya mtu yeyote kuchimba bwawa Morogoro. Sato ni mgeni huku. Hata Ziwa Victoria, ambako wengi hudhani ndiko kwao, alipandikizwa miaka ya 1950, na ngege wa asili, ambaye zamani alijaza nyavu za wavuvi, leo ni adimu ziwani humo, ingawa sato si sababu pekee. Mgeni huyu hukua haraka, hugombea chakula na mahali pa kutagia, na baya zaidi kwangu ni kwamba huzaliana na perege, wakapatikana watoto ambao si huyu wala si yule. Watafiti wameyaona hayo katika mito ya mashariki mwa Tanzania. Bwawa la mjomba halikuwa pekee lililofurika mwaka ule, lakini hoja hiyo hunifariji mchana tu.

Kwa hiyo sasa nina mfereji unaokinga maji ya mlimani yasiingie bwawani kabisa, na mbele ya bomba nimeweka kizimba kipana cha wavu, ili majani yakiziba upande mmoja maji yapite kwingine. Ndicho alichokosa mjomba: wavu wake haukuwa mbovu, ulikuwa mdogo. Napanda vifaranga wanaouzwa kama madume matupu, ingawa kila msimu nakuta majike kadhaa. Ningeweza kufuga perege wenyewe, lakini wateja wangu wanataka sato, nami nina ada za shule za kulipa.

Mwaka jana, kwenye daraja la bondeni, kijana mmoja aliniuzia samaki aliowatunga kwenye ukindu. Mkia wa sato una mistari myembamba iliyosimama. Wa perege wetu hauna. Mmoja wao alikuwa na mistari iliyofika nusu ya mkia, kisha ikafifia. Niliuliza ni samaki gani. "Perege, mzee," akajibu bila kusita. Nikalipa, nikawapeleka nyumbani, tukawakaanga, na binti yangu akasema ni watamu.