Swali la Lagrange lililogoma: fundo lilikuwa kwenye vipeo

Swali la Lagrange (njia ya kutafuta kiwango cha juu kabisa ndani ya mpaka, hapa bajeti): bidhaa mbili, x na y, zinakupa manufaa (kuridhika) U = x^0.5 · y^0.5, bei ya x sh. 2, ya y sh. 4, mfukoni sh. 80. Ununue ngapi ngapi ili U iwe kubwa kabisa? Derivativu (kasi ya U kubadilika x au y ikiongezeka) zinatoka sawasawa, halafu jibu linagoma.

Kalkulasi haina kosa hapo. Ukigawanya derivativu ya x kwa ile ya y unabaki na (x^-0.5 · y^0.5) / (x^0.5 · y^-0.5), na mkono wenye haraka hujumlisha vipeo (namba zilizo baada ya ^): -0.5 + 0.5 = 0, x imeyeyuka! Kugawanya ni kutoa: -0.5 - 0.5 = -1. Kwa y, 0.5 - (-0.5) = 1. Kumbe uwiano wote ni y/x tu. Kwenye chaguo bora uwiano huo ni sawa na wa bei, 2/4, basi y = x/2. Kwenye bajeti: 2x + 4(x/2) = 80, hivyo x = 20, y = 10. Hakiki: 40 + 40.

Kilichofungua fundo ni kurudi kwenye vipeo, sehemu na logi (logarithm, huandikwa ln), kwa kalamu, kikokotoo kando. Logi hasa: ln U = 0.5 ln x + 0.5 ln y, derivativu 0.5/x na 0.5/y, na vile vipeo visumbufu havipo tena.